Matundu ya mafuriko kwenye msingi: kweli yatashusha bima ya nyumba?

Swali: Kaka, habari za kazi. Mimi na mume wangu tunaishi Raleigh, North Carolina, si mbali na kijito cha Crabtree. Nyumba tuliinunua mwaka 2019. Ni ya zamani, ya mwaka 1964, ya tofali, imeinuliwa juu ya uvungu, yaani nafasi tupu iliyo kati ya ardhi na sakafu, wa futi za mraba 1,200 hivi, na gereji imeungana nayo. Benki inatulazimisha kuwa na bima ya mafuriko. Mwaka 2021 tulilipa dola 820. Mwaka huu, 2025, imekuja dola 1,590. Hatujawahi kuingiwa na maji wala kudai hata senti. Sasa amekuja muuzaji na makadirio ya dola 2,400 atuwekee matundu 6 ya mafuriko kwenye kuta za msingi, anasema bima itashuka kwa nusu. Mbona tayari tuna matundu 10 ya zamani ya kupitisha hewa? Hayatoshi? Na ni kweli bima itashuka hivyo? Mume wangu naye anauliza kama ataweza kuendelea kuziba matundu kwa sponji wakati wa baridi, maana mabomba yamewahi kupasuka.

Jibu: Dada, pole na hizo bili. Matundu ya mafuriko yanashusha bima, hilo ni kweli, ila usitie saini kwa ajili ya hiyo "nusu". Kabla hujampa fundi hata dola moja, mpigie wakala wako wa bima, umwombe apige hesabu mbili: nyumba ilivyo leo, na nyumba hiyohiyo ikiwa na matundu yanayokubalika. Hesabu hizo hazina malipo. Tofauti ya namba hizo mbili ndiyo itakayokuonyesha kama dola 2,400 zina maana au zinakwenda na maji.

Mimi kazi yangu ni kukagua nyumba zilizo kwenye maeneo ya mafuriko, na namba ulizonitumia zimenieleza mengi. Chukua 820, uongeze asilimia 18. Matokeo yake uongeze tena asilimia 18. Fanya hivyo mara nne, mwaka kwa mwaka, kuanzia 2022 hadi 2025. Utafika 1,590. Si bahati hiyo. Asilimia 18 ndicho kikomo ambacho sheria inaweka kwa nyumba nyingi za kuishi mwenyewe: ada ya Mpango wa Taifa wa Bima ya Mafuriko, yaani NFIP, hairuhusiwi kupanda zaidi ya hapo kwa mwaka mmoja. Bili yako imegonga kikomo kila mwaka tangu mfumo mpya wa kukadiria ada uanze kutumika kwa wateja wa zamani, Aprili 2022. Maana yake hujafika juu bado. Bado unapanda ngazi, na ngazi ina mwisho wake.

Mwisho wa ngazi umeandikwa. Toa hati yako ya bima, tazama kurasa za mwanzo zenye mchanganuo wa ada. Humo kuna namba inayoonyesha ada kamili, ile ambayo nyumba yako ingelipa leo kama kikomo kisingekuwapo. Chini yake kuna punguzo linalotokana na kikomo. Wateja wengi ninaokutana nao hawajawahi kuitazama namba hiyo. Wanaangalia jumla ya kulipa, wanaguna, wanalipa. Wewe izungushie kalamu, kwa sababu punguzo la matundu linaigusa hiyo kwanza.

Hapa ndipo muuzaji wako alipoteleza, au alipokutelezesha. Zamani, kabla ya Oktoba 2021, ada ilitegemea sana ramani ya mafuriko na kimo cha sakafu ya chini kabisa ya nyumba ukilinganisha na kimo ambacho maji yalitarajiwa kufika. Nyumba yenye uvungu usio na matundu ilihesabiwa kana kwamba sakafu yake ya chini ni udongo wa uvunguni. Ukiweka matundu halali, kipimo kilihamia juu, kwenye sakafu mnayoishi. Futi tatu au nne za tofauti zilitosha kuporomosha ada vibaya sana, na wako watu waliookoa maelfu ya dola kwa mwaka kwa kutoboa kuta tu. Matangazo mengi unayoyaona yalizaliwa enzi hizo.

Mfumo wa sasa, unaoitwa Risk Rating 2.0, unaitazama nyumba yenyewe zaidi: iko umbali gani na maji, ni mafuriko ya aina gani yanayoweza kuifika, itagharimu kiasi gani kuijenga upya, imekaa juu ya msingi wa aina gani, na sakafu ya kwanza ya kuishi iko juu ya ardhi kiasi gani. Ramani bado ina kazi yake, kwani ndiyo inayoipa benki haki ya kukulazimisha ununue bima, na ndiyo inayoongoza kanuni za ujenzi za jiji. Lakini haipangi tena bei peke yake. Katika mfumo huu matundu ni jambo moja kati ya mengi. Yanahesabiwa, yanapunguza, ila punguzo linategemea nyumba yenyewe ilivyokaa na kimo cha sakafu yake. Anayekutajia asilimia akiwa amesimama uani kwako, kabla hajaona hati yako, anakisia.

Nikupe mfano wa namba za kubuni ili uone mwendo wake. Tuseme ada kamili kwenye hati yako ni dola 2,300, na wakala anasema ukiweka matundu itakuwa 2,000. Kikomo kikiendelea kukulinda, mwakani utalipa kama 1,876 ukiwa na matundu, na 1,876 usipokuwa nayo. Hakuna senti uliyookoa. Mwaka unaofuata, bila matundu ungelipa kama 2,214. Ukiwa nayo unasimama kwenye 2,000. Hapo umeokoa 214. Kuanzia mwaka wa tatu unaokoa 300 kila mwaka, ikiwa viwango vyenyewe havitabadilika. Kwa mwendo huo dola 2,400 zinarudi mwaka wa 10. Nimeziacha tozo kando ili hesabu isomeke. Lakini kama wakala atakwambia ada kamili ni 4,000 na matundu yataishusha hadi 2,900, habari inabadilika kabisa: ukishafika juu ya ngazi utakuwa unaokoa 1,100 kwa mwaka. Ndiyo maana ninakung'ang'aniza uipate namba yako. Jirani yako aliyeokoa sana au aliyeokoa kidogo hakusaidii kitu.

Sasa kuna upande ambao bili haiuonyeshi, na kwangu ndio mzito zaidi. Matundu haya hayakubuniwa kwa ajili ya bima. Yalibuniwa ili ukuta usianguke.

Waliokulia Dar au Mombasa wamewahi kuona ukuta wa uzio ulivyolala chini baada ya mvua kubwa. Maji yalikusanyika upande mmoja, upande wa pili pakavu, ukuta ukasukumwa mpaka ukakubali. Ndiyo maana fundi mzoefu huko nyumbani huacha matobo chini ya uzio unaokata njia ya maji. Kuta za uvungu wako ziko katika hali hiyohiyo, tofauti ni kwamba juu yake mmelala ninyi. Maji ya kina cha sentimita 60 yaliyotulia nje, ndani pakiwa pakavu, yanasukuma kila mita moja ya ukuta kwa uzito wa kilo 180 hivi. Ukuta wa mita 12 unabeba zaidi ya tani 2. Kina kikifika mita moja, ukuta huohuo unabeba kama tani 6, kwa sababu kina kikiongezeka mara mbili msukumo unaongezeka mara nne. Na hapo sijagusa kasi ya maji wala magogo yanayoletwa na kijito. Ukuta wa bloku za saruji zenye uwazi ndani, wa mwaka 1964, haukujengwa kubeba mzigo wa ubavuni namna hiyo.

Tundu linaruhusu maji yaingie uvunguni, yapande ndani sawasawa na nje, misukumo miwili ikutane na kuuana. Uvungu utalowa. Tope litabaki, utalisafisha kwa wiki nzima huku unalaani. Lakini kuta zitakuwa zimesimama. Na maji yakianza kushuka nje, yaliyo ndani lazima yatoke kwa kasi hiyohiyo, la sivyo ukuta utasukumwa kuelekea nje. Nimeona misingi iliyosalimika siku ya mafuriko ikapasuka siku ya pili. Shabaha ya kanuni ni kwamba tofauti ya kimo cha maji ya ndani na ya nje isizidi futi moja.

Tuje kwenye matundu yako 10, maana hapo ndipo wengi wanapotea. Tundu la hewa na tundu la mafuriko si kitu kimoja, ingawa moja linaweza kufanya kazi ya jingine likitimiza masharti. FEMA, idara ya serikali kuu inayosimamia NFIP, inataka kila eneo lililozungushiwa kuta liwe na matundu yasiyopungua mawili, yawe kwenye kuta za nje zaidi ya moja. Jumla ya uwazi wake iwe angalau inchi moja ya mraba kwa kila futi moja ya mraba ya eneo. Uvungu wako ni futi za mraba 1,200, kwa hiyo unahitaji inchi za mraba 1,200 za uwazi halisi. Neno "halisi" lina uzito wake. Tundu la inchi 8 kwa 16 ukilizidisha unapata 128, lakini ndani yake kuna wavu, kuna vibao, kuna fremu, na vyote hivyo vinakula nafasi. Tuseme yako yanabaki na uwazi wa inchi 50 kila moja. Matundu 10 yanakupa 500, wakati unadaiwa 1,200. Kufika huko kwa matundu ya aina hiyo ungehitaji 24, na nyumba ingefanana na kichungi cha nazi.

Sharti la pili ni kimo. Kingo ya chini ya tundu isiwe juu zaidi ya futi moja kutoka ardhini, na kama ardhi ya ndani na ya nje zimepishana, pima kutoka ile iliyo juu. Mafundi wa zamani walipenda kuweka matundu ya hewa juu, karibu na mbao za sakafu, kwa sababu ndiko unyevu unakokusanyika. Chukua futi kamba leo jioni, zunguka nyumba, pima kila moja. Linalozidi futi moja halihesabiki hata kama lina ukubwa wa dirisha. Ukikuta tundu limezidi kwa inchi mbili tatu, wakati mwingine dawa ni toroli kadhaa za udongo: unainua ardhi ya nje chini ya tundu, ukiilaza ili maji ya mvua yaikimbie nyumba. Hata hivyo eneo la mafuriko haliruhusu kumwaga kifusi ovyo, kwa hiyo waulize jiji kwanza.

Sharti la tatu linamhusu mume wako moja kwa moja. Maji lazima yaingie na kutoka yenyewe, bila mtu kufungua chochote. Matundu mengi ya hewa ya zamani yana kishikio cha kusogeza ili kuyafunga. Tundu linaloweza kufungwa kwa mkono halikubaliki kama tundu la mafuriko mpaka hicho kifuniko kilemazwe kikiwa wazi, kisiweze kufungwa tena. Wavu wa kuzuia wadudu unaruhusiwa mradi hauzuii maji kupita, jambo la heri, maana bila wavu uvungu wa Carolina hugeuka nyumba ya wageni ya rakuni na nyoka.

Badala ya matundu 24 kuna yale yaliyosanifiwa na wahandisi, na nadhani ndiyo muuzaji wako anayouza. Haya hayahesabiwi kwa inchi za uwazi. Yamepimwa, na cheti kinasema kila moja linahudumia eneo gani. Yapo yaliyothibitishwa kuhudumia futi za mraba 200 kila moja. Uvungu wako ukigawa kwa 200 unapata 6, namba ileile aliyokuandikia. Kwa hiyo hesabu ya idadi aliifanya sawasawa, nimpe haki yake. Aina nyingi zina mlango mdogo unaoning'inia, unabaki umefungwa siku zote na kusukumwa na maji yakifika. Ziko zenye kuzuia baridi ndani ya mlango huo, na ziko zinazopitisha hewa. Kabla ya kulipa mwombe karatasi mbili: jina kamili la aina ya tundu, na ripoti ya tathmini au cheti cha mhandisi kinachotaja eneo linalohudumiwa. Akijiumauma, mwache aende.

Jambo ambalo sikuliona kwenye makadirio yake ni gereji. Hiyo ni eneo lake lenyewe, lina kuta zake, na kama sakafu yake iko chini kiasi cha kufikiwa na maji inahitaji matundu yake. Lango la gereji halihesabiwi, kwa kuwa linafunguliwa na mtu. Wala nyufa zilizo pembeni na chini yake. Unaweza kuweka matundu ndani ya lango lenyewe, hilo linakubaliwa. Mwulize wakala kama gereji inaathiri ada yako, na kama ndiyo, makadirio ya dola 2,400 hayajakamilika.

Mkikubaliana kazi ifanyike, nyumba ya tofali ya miaka hiyo mara nyingi ina tabaka mbili: tofali la kupendeza nje, bloku ndani. Tundu lipite zote mbili. Niliwahi kukagua nyumba ambayo fundi alikata tofali la nje, akapachika fremu nzuri, akalipwa, na nyuma yake bloku ilikuwa nzima haijaguswa. Mwenye nyumba alikaa miaka miwili akiamini ana matundu. Ingia uvunguni na tochi kazi ikiisha; ukiwa humo uone mwanga wa jua kupitia kila tundu, au angalau mgongo wa kifaa chenyewe. Tundu lisikatwe chini kabisa ya mahali boriti kubwa inapoegemea ukuta, na pale panapotakiwa linta ndogo iwekwe. Kibali cha jiji kichukuliwe kabla ya grenda kuwashwa, kwa sababu nyumba iko kwenye eneo la mafuriko na ofisi inayosimamia maeneo hayo itataka kujua. Wala usiwaogope, kuna mambo huwa wanakusaidia kuyaona mapema.

Karatasi sasa. Bima haitashuka kwa sababu tundu lipo. Itashuka kwa sababu kampuni ya bima imejua lipo. Piga picha za kila upande wa nyumba, kisha kila tundu kwa karibu futi kamba ikiwa imesimamishwa kutoka ardhini mpaka kingo ya chini, namba zisomeke. Ongeza vyeti vya mhandisi na risiti. Njia imara zaidi ni Cheti cha Mwinuko, fomu ya FEMA inayojazwa na mpima ardhi mwenye leseni. Sehemu A ya fomu hiyo ina vipengele vya uvungu na gereji, A8 na A9, ambamo ukubwa wa eneo na habari za matundu huandikwa. Katika mfumo wa sasa cheti hiki si lazima, lakini kina faida ya pili: kinataja kimo halisi cha sakafu yenu. Usipokuwa nacho, kimo hicho kinatokana na makadirio ya mfumo. Cheti kikionyesha kuwa sakafu iko juu kuliko walivyokadiria, ada inaweza kushuka hata bila tundu moja jipya. Kabla ya kumlipa mpima ardhi, iulize ofisi ya jiji kama ina cheti cha zamani cha nyumba yenu. Wakati mwingine mmiliki aliyetangulia alikwisha kulipia. Mpelekee wakala kila kitu kwa maandishi, umwombe abadilishe taarifa za hati sasa hivi, si "ukifika wakati wa kuhuisha".

Ukiwa naye kwenye simu kuna mambo mengine ya kumwuliza, na mojawapo halikugharimu chochote. Kwenye mchanganuo wa ada kuna tozo iliyowekwa na sheria ya mwaka 2014: dola 25 kwa nyumba anayoishi mwenyewe, dola 250 kwa nyumba isiyokuwa makazi yake makuu. Tazama yako ni ipi. Nimekutana na ndugu zetu kadhaa wanaolipa 250 kwa sababu siku ya kununua nyumba hakuna aliyemwambia wakala kwamba wanahamia humo. Isitoshe, nyumba za zamani zisizo makazi makuu zina kikomo cha kupanda cha asilimia 25, si 18. Bili yako inaonyesha 18, kwa hiyo nadhani uko salama, ila hakikisha.

Mashine nazo zina punguzo lao. Kama mtambo wa kupasha na kupoza hewa, au tangi la maji ya moto, liko uvunguni, kuzihamisha mashine hizo zote hadi kimo cha sakafu iliyo juu ya ile ya kwanza kunahesabiwa na mfumo. Siyo kazi rahisi; kama tangi lenu limezeeka na mtalibadilisha hata hivyo, hapo ndipo pa kulipandisha, vinginevyo ningeacha. Kupandisha kiasi mnachobeba wenyewe kabla bima haijalipa, ambacho kinaweza kufika dola 10,000, kunashusha ada mara moja, na ndiyo njia ambayo mawakala hupenda kuitaja. Mimi siipendi kwa familia isiyo na dola 10,000 zimekaa pembeni, na benki yako inaweza kuikataa. Pia kuna punguzo la mji mzima: NFIP ina mpango wa kupima juhudi za miji, na miji inayofanya vizuri hupata kati ya asilimia 5 na 45 kwa wakazi wake wote. Kama Raleigh wana lao, litakuwa limekwisha kuandikwa kwenye hati yako.

Kuzungukia kampuni tofauti ukitafuta bei nafuu ya NFIP ni kupoteza siku, kwa sababu bei ni ileile popote unaponunua. Kampuni zinauza tu, bei inapangwa na serikali kuu. Bima binafsi ya mafuriko ni jambo jingine, inaweza kuwa rahisi kweli. Tahadhari yangu ni moja: ukiondoka NFIP leo ukiwa kwenye 1,590, halafu kampuni binafsi ikakutema baada ya miaka miwili, ukirudi hutaipata tena ngazi yako. Utaanzia kwenye ada kamili.

Nyumba yenu kwa sifa ulizonieleza, mimi ningeelekea kuweka matundu, hata kama wakala ataleta punguzo dogo. Mko karibu na kijito kinachojulikana kwa kufurika, kuta ni za miaka 60, na mkopo wa miaka 30 kwenye eneo lenye uwezekano wa asilimia 1 wa mafuriko makubwa kila mwaka una karibu asilimia 26 ya kuyakuta angalau mara moja. Punguzo likiwa kubwa, fanyeni mwaka huu. Likiwa dogo, fanyeni mtakapokuwa na pesa, na katika siku hizo anzeni na kulemaza vifuniko vya yale matundu 10, maana hilo ni kazi ya bisibisi na mchana mmoja wa Jumamosi.

Na shemeji na sponji yake: hapana. Siku kijito kitakapofurika hakitauliza kama ni Januari, na mkaguzi akikuta tundu limezibwa ataandika kuwa halipo. Lakini shida yake ni ya kweli, mabomba yanapasuka. Anunue ile mirija ya povu inayovikwa kwenye bomba, akaze viungo kwa utepe, na kwenye kile kipande kilicho karibu na ukuta wa kaskazini, ambacho ninabahatisha ndicho kilichopasuka, aongeze waya wa umeme wa kupasha bomba wenye kujizima wenyewe. Mkichagua matundu yaliyosanifiwa, chukueni yale yenye kuzuia baridi, yanayokaa yamefungwa mpaka maji yayasukume. Baridi itabaki nje, sponji irudi jikoni.